“Mwanangu, Wewe Unapata Nini?” Kwa Nini Mawakili na Wanafunzi wa Sheria Hujitolea

Shangazi yangu analima nyanya Ilula, pale kwenye barabara kuu ya Iringa kwenda Morogoro ambapo basi likisimama tu wauzaji hukimbilia madirishani na ndoo zao. Si mtu wa kupewa kitu akakipokea bila kuuliza. Ndiyo maana siku nilipomsindikiza kwenye hema la Wiki ya Sheria mjini Iringa, ile wiki ya kila mwaka ambayo watu hupewa ushauri wa sheria bure, na binti mmoja wa mwaka wa tatu wa sheria akamsikiliza karibu saa nzima, akamwandikia barua ya kurasa mbili na kumwambia kwamba hakuna malipo, shangazi hakuinuka kwenye kiti. Alimtazama binti yule usoni, akamuuliza: “Mwanangu, nashukuru. Lakini wewe unapata nini?”

“Mimi najifunza, mama,” binti akajibu.

Tukiwa njiani kurudi stendi, shangazi akaniambia jibu lile halikumtosha. Anayejifunza cherehani atakushonea sketi moja bure, ya pili atataka hela yake. Mbona hawa wanarudi kila mwaka? Na yule wakili mtu mzima aliyekaa meza ya pili, mwenye ofisi yake mjini, yeye naye anajifunza nini?

Swali hilo nimekaa nalo muda mrefu, nimewauliza wanaofanya kazi hii Iringa na Mbeya, na naona linastahili jibu refu. Maana nimegundua kwamba watu wengi wa Nyanda za Juu Kusini hawaogopi sheria tu, wanaogopa pia msaada wa bure. Tumelelewa na msemo wa rahisi ghali. Mtu akikuambia hutalipa, moyo unakuuliza atakachokidai baadaye ni nini: kura, shamba, au siri zako zote ulizomsimulia.

Nianze na kile alichopewa shangazi, kwa sababu bila kukiona hicho huwezi kuelewa kwa nini mtu anakitoa.

Mume wake alifariki. Wiki chache baada ya matanga, shemeji zake walikaa kikao cha ukoo bila yeye, wakapeleka muhtasari mahakama ya mwanzo, na mmoja wao akateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Tangazo lilibandikwa kama utaratibu unavyotaka, lakini shangazi hakuliona. Msimu uliofuata alikuta nusu ya shamba imekodishwa kwa watu asiowajua. Mtu mmoja mwenye steshenari, ambaye pembeni huwaandikia watu “kesi”, alimwambia afungue shauri la ardhi. Akalipa shilingi 80,000, akapewa karatasi zenye maneno mazito. Alipozifikisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya aliambiwa kwamba hayo ni mambo ya mirathi, hapo si mahali pake. Akarudi nyumbani akiamini kwamba amekwisha kushindwa kesi, wakati kesi yenyewe haikuwa imeanza.

Binti wa hemani alisoma kila karatasi, kisha akauliza maswali mawili. La kwanza, uteuzi ulifanyika tarehe ngapi? La pili, msimamizi amewahi kurudisha Fomu Namba 5 mahakamani?

Shangazi hakuwahi kusikia habari ya fomu hiyo, na hata mimi sikuwahi. Kumbe kanuni za usimamizi wa mirathi katika mahakama za mwanzo, ambazo zipo tangu mwaka 1971, zinamtaka msimamizi apeleke mahakamani orodha kamili ya mali na madeni ya marehemu ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe, na hiyo ndiyo Fomu Namba 5. Baada ya hapo hutakiwa kutoa hesabu ya alivyoshughulika na mali hizo katika Fomu Namba 6. Msimamizi si mmiliki. Ni mtu aliyekabidhiwa funguo akusanye, alipe madeni, agawe, kisha arudi kwa hakimu kueleza. Shemeji hakuwa amerudisha hata fomu moja. Zaidi ya hapo, mahakama ileile iliyomteua ndiyo yenye uwezo wa kumwita ajieleze, na hata kutengua uteuzi wake ikiwa utaratibu ulikiukwa au mahakama ilifichwa ukweli. Barua ya kurasa mbili ilisema hayo, kwa Kiswahili ambacho shangazi aliweza kukisoma mwenyewe kwa sauti.

Kwa binti yule hiyo ilikuwa kazi ya saa moja. Kwa shangazi ulikuwa msimu mzima wa nyanya, 80,000 zilizopotea, na usiku mwingi wa kukosa usingizi.

Hapo ndipo ninapoona mzizi wa jambo lote. Tunadhani kinachowakosesha maskini haki ni kukosa wakili hodari wa kusimama na kubishana mbele ya jaji. Mara nyingi hawafiki huko. Wanakwama mwanzoni kabisa: mlango upi, fomu ipi, siku ngapi. Na siku zenyewe hazimsubiri mtu. Hukumu ya mahakama ya mwanzo ikitoka, una siku 30 za kukata rufaa mahakama ya wilaya. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya likikuamulia vibaya katika shauri lililoanzia hapo, una siku 45 za kwenda Mahakama Kuu. Mtu akikalia ardhi yako miaka 12 nawe umenyamaza, madai yako ya kuirudisha kwa kawaida yamepitwa na muda. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Fikiria mchuma chai wa Mufindi au Rungwe. Msimamizi wa shamba anamwambia, “Nenda nyumbani kwanza, tutakuita.” Anaenda, anasubiri simu. Siku ya 40 anaanza kuulizia, na wakati huo mlango umeshafungwa, itambidi kwanza aombe kufunguliwa kwa kueleza kwa nini amechelewa. Mtu mmoja tu angemwambia wiki ya kwanza neno “siku 30”, habari yake ingekuwa nyingine. Neno hilo aliyesoma sheria halimgharimu chochote. Analo kichwani, amelijibia mtihani.

Daktari hawezi kufanya upasuaji chini ya hema kwa kalamu na karatasi. Injinia hawezi kukujengea daraja kwa mazungumzo ya saa moja. Mwanasheria, kwa sehemu kubwa ya shida za watu wa kawaida, anaweza. Kile ambacho kwake ni chepesi kuliko vyote ndicho mwenzake anachokikosa kuliko vyote. Niliowauliza kwa nini wanarudi, wengi walinisimulia sura: mzee aliyecheka ghafla alipojua bado yuko ndani ya muda, mama aliyekunja karatasi yake polepole akaiweka kifuani. Ukishaona mara moja kwamba saa yako moja imemfanyia mtu hivyo, kukaa na ujuzi huo mfukoni kunakuwa kugumu.

*Nani ni nani*

Kabla sijaendelea na sababu zao, nitenganishe watu, kwa kuwa kwetu neno “mwanasheria” limebebeshwa kila aliyevaa suti.

Wakili ni aliyesoma shahada ya sheria, akapita shule ya sheria kwa vitendo iliyoko Dar es Salaam, akaapishwa mbele ya Jaji Mkuu na kuandikishwa, na kila mwaka huhuisha leseni yake. Chama chao, Chama cha Mawakili Tanganyika, kipo kwa sheria tangu mwaka 1954. Huyu ndiye anayeweza kukusimamia mahakamani. Kwa miaka mingi, hata hivyo, hakuruhusiwa kusimama mahakama ya mwanzo, ambako kesi nyingi za watu wa vijijini huanzia; milango hiyo imelegezwa miaka ya karibuni pale ambapo hakimu mkazi ndiye anayesikiliza. Katika mahakama ya mwanzo bado wewe mwenyewe ndiye msemaji wako mara nyingi, au ndugu yako kwa ruhusa ya hakimu. Ndiyo maana barua nzuri na maelezo yaliyonyooka yana uzito mkubwa kule.

Msaidizi wa kisheria ni mtu wa kijijini au mtaani aliyepewa mafunzo ya msingi ya sheria. Anaweza kuwa mwalimu mstaafu, mama wa kikoba, au kijana aliyemaliza kidato cha nne na kuendelea. Kwa muda mrefu watu hawa walifanya kazi kupitia mashirika tu, mpaka Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ilipowatambua, ikaweka Msajili wa watoa huduma hii, na ikaeleza mipaka: hafanyi kazi ya uwakili mahakamani na hatozi fedha. Kabla ya hapo sheria iliyokuwepo, ya mwaka 1969, ilihusu mashauri ya jinai tu. Mjane wa Ilula, mchuma chai wa Mufindi, baba wa Usangu mwenye mgogoro wa mashamba ya mpunga na wafugaji, wote hawakuwemo ndani yake.

Mwanafunzi wa sheria yuko katikati. Ana maarifa mengi ya vitabu kuliko msaidizi wa kisheria, lakini hana leseni na, mara nyingi, hana uzoefu. Anachofanya lazima kipitiwe na mhadhiri au wakili. Yule binti aliyemsikiliza shangazi aliinuka mara mbili kwenda meza ya pili kumwonyesha yule wakili alichokiandika, na mara ya pili alirudi amefuta aya nzima. Shangazi alidhani amekosea. Mimi niliona hapo ndipo tulipaswa kumwamini zaidi.

Na yupo kishoka, ambaye si wa kundi hili ila hukaa karibu nalo. Hana leseni, anaandika nyaraka za kesi kwa malipo, jambo ambalo Sheria ya Mawakili inalikataza. Anastawi kwa sababu yupo kila siku, pale nje ya mahakama, wakati hema la bure liko wiki moja kwa mwaka. Tusimchekee. Amewapotezea watu ardhi.

*Mwanafunzi anapata nini hasa*

“Najifunza” lilikuwa jibu la kweli, ila lilikuwa fupi mno.

Sheria Tanzania hufundishwa chuoni kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Iringa au Mbeya hukaa miaka yake akisoma hukumu, vifungu na hoja kwa lugha ambayo mteja wake haizungumzi. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, Kiswahili kikawekwa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini, na mahakama za mwanzo zilikuwa zikitumia Kiswahili tangu zamani. Darasa halijafika huko. Kwa hiyo siku ya kwanza mwanafunzi anapokaa mbele ya mama wa Tukuyu aliyetalikiwa, hugundua kwamba anajua na hawezi kusema.

Chukua kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ambayo Mahakama ya Rufani iliiamua mwaka 1983. Hakuna mwanafunzi wa sheria Tanzania asiyeijua. Ndiyo iliyosema kwamba kazi za nyumbani za mke, kupika, kulea, kutunza mji, ni mchango katika mali iliyochumwa na wanandoa, hata kama mke hakuwahi kupokea mshahara. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa kuwa mahakama iliona mumewe alikwisha kumpa fedha za nyumba naye akazitumia ovyo. Lakini kanuni aliyoiacha nyuma imewasaidia wanawake wengi. Mwanafunzi anaweza kukuandikia kurasa 6 kuhusu kesi hii kwa Kiingereza. Sasa amwambie mama wa Tukuyu, aliyelima migomba na kuuza ndizi miaka 20 huku hati ya kiwanja ikiwa na jina la mume peke yake, kwamba jasho lake linahesabika. Aseme kwa maneno gani? “Mchango”, mama atafikiri ni wa harusi. Mwanafunzi mmoja wa Mbeya aliniambia alihangaika mpaka akaona aulize: “Mama, ungeondoka wewe mwaka ule wa kwanza, kiwanja hiki kingenunuliwa?” Mama akasema kisingenunuliwa. “Basi hilo ndilo mahakama inalotaka kulisikia, pamoja na mashahidi.” Kijana yule anasema hiyo ndiyo siku aliyoielewa kesi ya Bi Hawa.

Mhadhara hauwezi kumpa mtu kitu hicho. Kwa mitihani yenyewe pia kinamsaidia, na kwa ajira: anayekwenda kuomba fildi kwenye ofisi ya wakili akiwa ameshaandaa nyaraka 30 za watu halisi hatazamwi sawa na mwenye cheti peke yake. Sioni aibu yoyote katika hilo. Kijana anayesoma kwa bumu, yaani fedha za mkopo wa chuo, anayehesabu sahani za wali mpaka mwisho wa muhula, ana haki ya kufikiria kesho yake.

Ila kuna sababu nyingine ambayo wengi huisema mwishoni, baada ya zile za kupendeza. Wengi wa vijana hawa ni watoto wa watu walioshindwa kesi. Baba alinyang’anywa shamba Mbarali. Bibi aliondolewa kwenye nyumba Makete baada ya babu kufa kwa kuwa “mila inasema hivyo”, na hakuna aliyejua kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inazikataa mila zinazomnyima mwanamke haki ya kuwa na ardhi kwa sababu tu ni mwanamke. Kijana anapofika mwaka wa pili anakutana na kifungu hicho darasani, na anakaa nacho kimya, akihesabu miaka. Kwa bibi yake amechelewa. Kwa bibi ya mwenzake, aliyeketi kwenye benchi la hema, hajachelewa.

Hapa kwetu pia kuna jambo la vyuo vyenyewe. Chuo Kikuu cha Iringa ni cha Walutheri, Chuo Kikuu cha Katoliki cha Ruaha ni cha maaskofu Wakatoliki, na Teofilo Kisanji cha Mbeya ni cha Wamoravian. Makanisa haya yalikuwa yakisikiliza kesi za watu kabla ya vyuo kuwepo: mjane humwendea kwanza mchungaji au mzee wa kanisa kuliko hakimu. Katika mazingira hayo, mwanafunzi kumsaidia mtu bila malipo hakuonekani kuwa kitu kigeni kilicholetwa na mradi.

Wala nchini si jambo la jana. Kitivo cha sheria cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961, na wahadhiri na wanafunzi wake walikuwa na kamati ya msaada wa kisheria katika miongo ya mwanzo ya uhuru. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 wanawake wanasheria wakaanzisha vituo na chama chao, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kikafuata mwaka 1995. Karibu vyote vilianza kwa watu waliokuwa na kazi nyingine, wakikutana jioni au Jumamosi.

*Na wakili mwenye ofisi?*

Hili ndilo lililomsumbua shangazi kuliko yote. Wakili anakula kwa kutoza. Akisaidia bure, si anajiharibia soko?

Hajiharibii, kwa kuwa mama wa Ilula hakuwa mteja wake kamwe. Asingepanda ngazi za ofisi yake hata siku moja. Aliyemchukua ni kishoka. Sensa ya 2022 ilitukuta Watanzania milioni 61.7, na mawakili walioandikishwa nchini wamepita 10,000, lakini wengi wamejaa Dar es Salaam na miji mikubwa. Mkoa wa Songwe una watu zaidi ya milioni 1.3, Njombe karibu 890,000. Aliyeko ndani kabisa ya Ludewa au Ileje akitaka wakili inambidi afunge safari, alale mjini, na bado hajalipa ada. Watu hao hawapunguzi mapato ya mtu.

Wakili pia anapata jina, na niseme wazi kwamba wapo wanaokuja kwa ajili ya jina peke yake: wanapiga picha na fulana, wanazungumza na redio, wanaondoka saa sita. Mimi nina kipimo kimoja kwa watu hawa wote, wa dhati na wa picha. Je, anapokea simu mwezi Aprili, hema likiwa limeshakunjwa? Wakili wa meza ya pili alimpa shangazi namba ya ofisi yake, na alipopigiwa miezi miwili baadaye alipokea. Kilichomleta siku ile, sijali sana.

Lakini wengi wana sababu nzito kuliko jina, na inatokana na wanachokiona mahakamani. Mtu anayeshtakiwa kwa mauaji na hana uwezo hupangiwa wakili, na serikali humlipa wakili huyo kiasi kidogo. Kosa hilo halina dhamana, na wakili huyo kwa kawaida huja shauri likifika Mahakama Kuu. Kabla ya hapo mtuhumiwa amekaa mahabusu, pengine gereza la Ruanda pale Mbeya mjini, miezi na wakati mwingine miaka, akitoa maelezo na kusaini karatasi bila mtu wa kumweleza maana yake. Wakili anayekutana na jalada la namna hiyo huona mahali ambapo neno moja lililosemwa mapema lingebadili mambo, na halikusemwa. Mmoja aliniambia huwa anakwenda kwenye mahema kwa hasira. Nilipomuuliza hasira na nani, akasema na karatasi zinazomfikia zikiwa zimeshaharibika.

Sheria ya 2017 ilijaribu kuziba pengo hili: jaji au hakimu akiona haki inahitaji mtu asaidiwe, na hana uwezo, anaweza kuelekeza apatiwe msaada wa kisheria, katika jinai na hata katika madai. Utaratibu ni mzuri. Unahitaji tu kwamba watoaji wa msaada huo wawepo karibu, na hapo tunarudi palepale kwa wanaojitolea.

*Bure ina gharama*

Wanaojitolea hawalipwi, lakini nauli ya kutoka Iringa mjini hadi Pawaga inalipwa na mtu. Karatasi, kuchapa, kutoa nakala, maji ya kunywa kwenye hema, vocha za kufuatilia shauri. Kwa wasaidizi wa kisheria wa wilaya nyingi, fedha za namna hiyo zimetoka kwa wafadhili, nyingi kupitia mfuko ulioanza mwaka 2011 kwa ajili ya huduma za sheria. Tangu 2023 serikali imekuwa ikiendesha Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, inayohama mkoa hadi mkoa ikishuka kwenye kata na vijiji. Kampeni huja, husikiliza mamia ya watu, huondoka. Anayebaki na majalada ni msaidizi wa kisheria wa kijiji na baiskeli yake. Nikiulizwa nani kati ya hawa wote anastahili heshima ya kwanza, nitamtaja yeye. Hana hema wala fulana, na jirani anayemsaidia leo ni yuleyule ambaye kesho atamkosesha usingizi kwa sababu amemsaidia jirani mwingine dhidi yake.

Ujuzi wa nusu nao huumiza. Mwanafunzi akikosea mlango, anakuwa kishoka asiyetoza, na kosa ni lilelile kwa mwenye shamba. Muhula ukiisha anarudi kwao Kigoma au Tanga, na shauri haliendi likizo naye. Na wakati mwingine wanaogombana huja wote wawili kwenye hema moja, asubuhi mke, mchana mume, na usipokuwa na daftari la majina utajikuta umeshauri pande mbili za kesi moja. Wahadhiri walio makini wanajua haya yote, ndiyo maana huweka fomu ya kupokea kila mtu, nakala ya kila kilichoandikwa, na jina la wakili atakayelishika shauri muhula ukiisha. Ukienda mahali pa msaada wa bure, angalia kama mambo hayo yapo. Kama una shaka, ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako inaweza kukuambia ni akina nani waliosajiliwa. Na yeyote anayejiita msaidizi wa kisheria akikutajia bei, ondoka.

Shauri la shangazi halijaisha. Mahakama ya mwanzo ilimwita shemeji, akaleta Fomu Namba 5 aliyoijaza kwa haraka, na shamba lipo ndani ya orodha kama mali ya marehemu, jambo ambalo linamzuia kulikodisha kama lake. Mgawanyo bado unabishaniwa. Shangazi alimpelekea yule binti sado moja ya nyanya, tena zilizochaguliwa. Binti akakataa kuipokea peke yake. Ikapelekwa kwa mama anayewapikia wanafunzi karibu na chuo, wakala wote.

Mwezi Septemba shangazi alinipigia simu. Jirani yake ameletewa hukumu ya mahakama ya mwanzo wiki iliyopita na hajui aende wapi. “Nimemwambia asiikunje akaiweka, ana siku 30, na tayari zimeenda 9,” akasema. “Nimempa ile namba ya wakili. Sasa wewe niambie, wale watoto wanarudi chuo lini?”